Mpiga Kura Kama Mhusika wa Kubuni: Kusoma Habari za Uchaguzi wa Katikati ya Muhula Marekani

Mhakiki wa fasihi ana kazi gani na habari za uchaguzi? Nimeulizwa swali hili na wenzangu kadhaa tangu nilipotaja nia ya kuandika makala haya, na yupo pia mhadhiri mmoja aliyeniambia kwa upole kwamba hayo ni mambo ya watu wa sayansi ya siasa na wa uandishi wa habari, tuwaachie wenyewe. Sikubaliani naye hata kidogo. Habari ya uchaguzi ina msimulizi, ina wahusika, ina msuko, ina taharuki, ina kilele na mwisho. Kitu chenye hayo yote, ambacho kinaapa kwamba hakikubuniwa, ndicho hasa kinachomhitaji mhakiki. Riwaya haimdanganyi mtu, kwa sababu jaladani imeandikwa kwamba ni riwaya.

Nimechagua mfano wa mbali: uchaguzi wa katikati ya muhula wa Marekani. Kwetu hatuna kitu hicho. Tanzania na Kenya, Rais na wabunge huchaguliwa kwa mkupuo mmoja kila baada ya miaka mitano, na katikati tunabakiwa na chaguzi ndogo za kujaza viti vilivyoachwa wazi. Kwa hiyo tunaweza kuzisoma habari hizi bila ushabiki wa nyumbani. Aidha, naamini hakuna uchaguzi mgumu kuusimulia kuliko huo. Wamarekani humchagua Rais kila baada ya miaka minne. Mwaka wa pili wa muhula wake, mwezi wa Novemba, hupigiwa kura viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi, kama theluthi moja ya viti 100 vya Seneti, na magavana wa majimbo mengi. Rais mwenyewe hayumo kwenye karatasi ya kura. Ripota anakabidhiwa hadithi mia nne na ushei, kila moja na wagombea wake, kiwanda chake kilichofungwa na ugomvi wake wa shule au maji, halafu anaambiwa alete hadithi moja kabla hakujapambazuka. Atafanyaje? Atafanya kama mwandishi yeyote aliyezidiwa na wahusika: atawakunja wote katika mmoja. Anaumba mtu, anambatiza jina la Mpiga Kura, kisha anamsemesha. Mpiga Kura amechoka. Mpiga Kura ametoa onyo. Mpiga Kura anataka vyama vishirikiane.

Tumsaili mhusika huyu kama tunavyowasaili wenziwe darasani. Nianze na Novemba 1994, maana huko ndiko alikokomaa. Mwaka huo chama cha Republican kiliongeza viti 54 katika Baraza la Wawakilishi na kulitwaa baada ya kukaa nje kwa miaka 40. Hata Spika, Tom Foley wa jimbo la Washington, aling'olewa na wapiga kura wake. Haya ni matukio, hayana ubishi. Lakini asubuhi yake matukio hayakutosha, ikabidi apatikane wa kuyatenda, naye akapatikana: mwanamume mweupe mwenye hasira. Alienea magazetini na kwenye televisheni kwa majuma. Peter Jennings wa ABC, ambaye sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizoheshimiwa sana katika utangazaji wa nchi ile, alikwenda mbali zaidi. Katika maoni yake ya redioni aliwafananisha wapiga kura na mtoto wa miaka miwili aliyeshikwa na ghadhabu. Kwa tashihisi moja tu mamilioni ya watu wazima wakawa kitoto kinachogaagaa sakafuni, na mtangazaji akawa mzazi mwenye subira anayesubiri kinyamaze.

Mhusika huyu ni wa aina gani? Ni bapa, tena bapa-sugu. Hana jina, hana kazi, hana jirani. Ana sifa moja tu, nayo ni hasira. Mwanafunzi akileta mhusika kama huyo katika hadithi fupi, ataambiwa akamjenge upya. Hebu pia tuhesabu. Mwaka 1994 walipiga kura kama watu wanne katika kila kumi wenye umri wa kupiga kura. Wagombea wa Republican walipata takriban asilimia 52 ya kura za Baraza la Wawakilishi, wa Democratic kama asilimia 45. Piga hesabu hiyo hata kwa vidole: waliofanya yale yaliyoitwa mapinduzi ni kama mtu mzima mmoja katika kila watano. Watano hao ukiwapanga kwenye benchi moja, wawili ndio waliokwenda kituoni, na watatu hawakwenda. Wale watatu wamo wapi katika hadithi? Hawamo kabisa. Tunafundishwa kwamba kimya cha mhusika nacho kinasema, kwamba asiyetajwa katika matini ana lake. Basi hapa kuna matini ambayo imewaacha nje walio wengi, kisha ikajiita sauti ya taifa.

Utamu zaidi kwa mhakiki umo katika ile hati iliyoitwa Mkataba na Marekani. Tarehe 27 Septemba 1994, wagombea zaidi ya 300 wa Republican, wakiongozwa na Newt Gingrich, waliitia saini hadharani kwenye ngazi za jengo la Kongresi. Ilikuwa orodha ya miswada waliyoahidi kuileta Barazani ndani ya siku 100 za kwanza. Baada ya ushindi, Gingrich na wachambuzi wengi waliichukulia kana kwamba Mpiga Kura naye ametia saini yake pale chini. Lakini kura za maoni za wakati ule zilionyesha kwamba wengi wa waliohojiwa hawakuwa hata wamesikia habari za mkataba wenyewe. Ndugu msomaji, sisi tunajua ubishi wote kuhusu nani mwenye maana ya matini, kama ni mwandishi au msomaji. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kutetea maana inayotokana na msomaji ambaye hakusoma.

Ubunifu huo haukuishia magazetini. Wabunge walioamini kwamba wametumwa walishikilia msimamo wao wa bajeti mpaka ofisi za serikali ya nchi ile zikafungwa mara mbili kati ya Novemba 1995 na Januari 1996, mara ya pili kwa siku 21. Wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, hifadhi za taifa zikafungwa. Novemba 1996 Bill Clinton, aliyetangazwa kuwa amekwisha miaka miwili nyuma, akachaguliwa tena. Magazeti yakasema nini? Yakasema Mpiga Kura amebadili mawazo.

Hapo pana hila kubwa kuliko zote. Tuseme tunatazama tamthilia. Onyesho la kwanza baba anaigizwa na mtu mrefu mnene; onyesho la pili baba yule yule anatokea akiwa mfupi, mwembamba, na sauti nyingine, ila kavaa koti lile lile. Hadhira ikiuliza, mwongozaji anajibu: baba kabadilika, dhiki za maisha. Ndivyo inavyofanyika katika habari hizi. Mwaka 2008, alipochaguliwa Barack Obama, walijitokeza zaidi ya watu sita katika kila kumi wenye haki ya kupiga kura. Mwaka 2010 walijitokeza kama wanne. Chama cha Obama kikapoteza viti 63 vya Baraza la Wawakilishi, na hadithi iliyoandikwa ni kwamba nchi imemgeuka. Sisemi hakuna aliyegeuka. Wapo, tena si haba. Lakini wengine wengi, hasa vijana, hawakugeuka wala hawakusema lolote: hawakuja. Waliokuja walikuwa na umri mkubwa zaidi. Mwaka 2012 wengi wa wale waliokaa nyumbani wakarudi, Obama akashinda, na kwa mara nyingine Mpiga Kura akaambiwa amebadili mawazo. Mwaka 2014 waliojitokeza hawakufikia hata wanne katika kumi, kiwango cha chini kuliko chote tangu 1942. Mwaka 2018 wakafika kama nusu, kiwango ambacho kilikuwa hakijaonekana katika uchaguzi wa aina hiyo kwa takriban miaka mia moja. Hizo ni hadhira tofauti zilizoingia ukumbini usiku tofauti. Kuziita mtu mmoja mwenye moyo wa kigeugeu ni kumsingizia mtu ambaye hayupo.

Kama Mpiga Kura ameumbwa kutokana na wengi, mhusika wa pili ameingizwa jukwaani bila kualikwa. Huyu ni Rais. Nimekwisha sema kwamba hayumo kwenye karatasi ya kura, lakini hadithi bila shujaa haikaliki, basi anavutwa kwa nguvu. Ajabu ni kwamba marais wenyewe wameikubali nafasi hiyo. George W. Bush baada ya uchaguzi wa 2006, na Obama baada ya ule wa 2010, kila mmoja alisimama mbele ya waandishi siku ya pili akatumia neno la ngumi kueleza alivyopigwa. Kupigwa na nani, naye hakupanda ulingoni? Chama cha Rais kimepoteza viti vya Baraza la Wawakilishi katika karibu kila uchaguzi wa namna hii tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya kumi na tisa; katika miaka mia moja iliyopita na ushei, miaka iliyokwenda kinyume ni 1934, 1998 na 2002. Jambo linalotokea karibu kila mara kwa marais wa kila aina, hodari na goigoi, haliwezi kuwa hukumu juu ya tabia ya Rais fulani peke yake. Ni kama kumlaumu mhusika kwa sababu jua limekuchwa.

Kuhusu mbinu ya usimulizi, namwomba msomaji aufikirie usiku wa matokeo kama utambaji. Yupo fanani mbele ya ramani kubwa inayobadilika rangi akiigusa. Ipo hadhira, nayo haitakiwi kulala. Paukwa imekwisha semwa tangu saa kumi na mbili jioni. Tatizo ni kwamba mtambaji wa kwetu anaujua mwisho wa hadithi yake, akauficha makusudi ili atuchezee roho. Mtambaji wa televisheni haujui. Mpangilio wa matukio yake umeamuliwa na saa za majimbo ya mashariki na ya magharibi, na kasi ya makarani na matarishi. Jimbo moja huhesabu kura zake za posta mapema, jingine huzipokea siku kadhaa baada ya uchaguzi maadamu zilipigwa muhuri kwa wakati. Mtambaji anaupokea mpangilio huo wa kibahati na kuusimulia kana kwamba una maana.

Mwaka 2018 ndio mfano wangu. Usiku wa tarehe 6 Novemba matokeo ya mwanzo yalitoka Kentucky na Florida, na chama cha Democratic kilikuwa hakifanyi vizuri huko. James Carville, mkongwe wa kampeni za chama hicho hicho, alisema kwenye televisheni kwamba hilo si wimbi. Wachambuzi wakaanza kuomboleza, wengine kushangilia. Kisha California ikaendelea kuhesabu taratibu, siku baada ya siku, mpaka chama cha Democratic kikatwaa hata viti vyote vya Kaunti ya Orange, ngome ya kale ya Republican. Kiti kimoja cha bonde la kati la jimbo hilo kilikuwa kimekwisha tangazwa na shirika la Associated Press kwamba mbunge wa Republican amekitetea. Mwisho wa Novemba shirika likaufuta utangazaji huo, na Desemba yule mbunge akakubali kwamba ameshindwa. Jumla chama cha Democratic kiliongeza viti kama 40. Tukiangalia matokeo tu, hiyo ni tofauti kubwa na hadithi ya usiku ule. Lakini usiku ule ndio uliokuwa na watazamaji, na karani wa California hana watazamaji.

Yupo atakayesema kwamba hadithi za wachambuzi zinatokana na ushahidi, yaani yale mahojiano wanayofanyiwa wapiga kura wakitoka vituoni. Hapa tuna jaribio zuri ambalo hakuna aliyelipanga. Usiku wa uchaguzi wa 2002 mtambo wa Voter News Service, chombo kilichoendeshwa kwa pamoja na mashirika makubwa ya habari, uliharibika, na mahojiano hayo ya kitaifa hayakupatikana. Chombo chenyewe kilivunjwa mwaka uliofuata. Kwa maneno mengine, usiku ule hakuna aliyekuwa na namna ya kujua kwa nini watu walipiga kura walivyopiga. Je, wachambuzi walinyamaza? La hasha. Chama cha Bush kiliongeza viti, na maelezo yakamiminika kama kawaida: usalama, vita, umaarufu wa Rais. Huenda yalikuwa ya kweli. Ninachosema ni kwamba hadithi haikuhitaji ushahidi ili isimuliwe, nayo ilisikika sawasawa na za miaka yenye ushahidi.

Nimekwisha taja wimbi. Sitiari hii inastahili aya yake, maana imevuka bahari mpaka kwetu. Mwaka 2018 lilitajwa wimbi la buluu, na mwaka 2022, wakati wa Joe Biden, lilitabiriwa wimbi jekundu la Republican. Habari hizi hutufikia kwa Kiswahili kupitia mashirika ya habari na idhaa za nchi za nje, na mfasiri aliyepewa dakika chache hulibeba wimbi lizima lizima. Rangi zenyewe ni kichekesho: nyekundu kuwa rangi ya Republican ni desturi iliyokomaa kwenye televisheni za kwao katika uchaguzi wa mwaka 2000 tu, na kwa msomaji wetu aliyelelewa na siasa za miaka ya sabini, wimbi jekundu ni Wakomunisti wanakuja! Lakini rangi ni jambo dogo. Linaloniudhi ni wimbi. Mtu wa pwani anajua kwamba wimbi halina mwenyewe; upepo umelileta, litavunjika, litarudi. Ukiuita uchaguzi wimbi, umeufuta mkono wa binadamu. Nayo mikono imo, tena mingi. Mipaka ya wilaya za uchaguzi huchorwa upya baada ya kila sensa ya miaka kumi, na katika majimbo mengi wachoraji ni wanasiasa wale wale wanaonufaika nayo. Ni kama mwandishi apewe ruhusa ya kujichagulia wasomaji, kisha asifiwe kwa kupendwa. Hilo huwezi kuliona ukiwa unatazama bahari.

Wimbi la 2022 halikuja kama lilivyotabiriwa. Chama cha Republican kilipata viti 222 dhidi ya 213 na kulitwaa Baraza la Wawakilishi, na ukijumlisha kura za nchi nzima za Baraza hilo kiliongoza kwa karibu pointi tatu. Lakini kiliandikwa kama kilichoshindwa. Kwa nini? Kwa sababu kilipimwa kwa utabiri wa magazeti yenyewe. Hadithi ya Oktoba ndiyo iliyogeuzwa kipimo cha hadithi ya Novemba. Nyingi za kura za maoni zilizofanywa kwa umakini hazikuwa mbali na matokeo. Waliokuwa mbali ni wasimulizi. Baada ya siku mbili New York Post ilimchora Donald Trump ukurasa wa mbele kama lile yai la shairi la watoto wa Kiingereza linaloanguka kutoka ukutani, na wachambuzi wengi wakamwandikia mwisho wake. Novemba 2024 alichaguliwa kuwa Rais.

Na je, Mpiga Kura alisema nini usiku ule wa 2022? Florida, gavana Ron DeSantis wa Republican alishinda kwa pointi kama 19. Michigan, wananchi walipitisha haki ya utoaji mimba iingie katika katiba ya jimbo, na chama cha Democratic kikatwaa mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 40. New York, jimbo la Democratic tangu zamani, mwenyekiti wa kamati ya chama hicho ya kampeni za Baraza la Wawakilishi, Sean Patrick Maloney, alipoteza kiti chake mwenyewe. Nitafutie mtu mmoja aliyeyasema hayo yote kwa pumzi moja. Ukimpata, ni mgonjwa.

Huko huko New York ndiko lilikotokea jambo ambalo naliona zito kuliko mawimbi yote. Katika wilaya inayoshika sehemu ya Long Island na ya Queens alichaguliwa George Santos wa Republican. Wasifu wake ulikuwa kazi ya kubuni: shahada ya Baruch College ambayo hakuipata, kazi Goldman Sachs na Citigroup ambazo hakuzifanya. Gazeti dogo la mtaani, The North Shore Leader, lilikuwa limekwisha tilia shaka utajiri wake mwezi Septemba, kabla ya kura. Hakuna mkubwa aliyelisikiliza. New York Times ilifichua mambo tarehe 19 Desemba 2022, uchaguzi ukiwa umekwisha pita. Baraza lilimfukuza tarehe 1 Desemba 2023, na mwaka 2024 alikiri mahakamani makosa ya ulaghai na wizi wa utambulisho. Jamani, hebu tuitazame picha hiyo. Vyombo vikubwa kuliko vyote duniani vina makao yao palepale New York, mwendo wa treni tu kutoka wilaya hiyo. Vilikuwa vikijadili nafsi ya Mpiga Kura wa taifa zima, huku mhusika wa kubuni kwelikweli, mwenye jina, picha na fomu za kujaza, akipita mlangoni kwao kwenda Kongresi. Kumfichua kulihitaji kazi ya kawaida kabisa: kupiga simu chuoni na kuuliza kama kijana huyu alisoma kwenu.

Sitaki kuonekana kama nawabeza wote. Ripota hana miezi sita kama mwandishi wa tasnifu. Ana nusu saa na mhariri anayepiga kelele. Associated Press imekuwa ikikusanya matokeo ya kura tangu 1848, na kazi hiyo ya kuhesabu kaunti baada ya kaunti ni uandishi wa heshima hata kama una makosa yake, kwa sababu kosa lake linaonekana na linafutwa. Kosa la mchambuzi halifutwi, linasahauliwa. Na magazeti kama lile la Long Island yanakufa: zaidi ya theluthi moja ya magazeti yaliyokuwako Marekani mwaka 2005 hayapo tena. Yanapokufa, kinachobaki cha kusimulia ni ile hadithi moja ya juu kabisa, maana hakuna tena anayezijua zile mia nne.

Na sisi wahakiki je? Nimezipitia insha za wanafunzi wa idara yetu, zangu zikiwemo, na kila ukurasa nakutana na ndugu yake Mpiga Kura. Jina lake ni Jamii. Mwandishi anaiasa Jamii. Jamii imechoka na uongozi mbovu. Wakati mwingine anaitwa Mwananchi wa Kawaida, na zamani kidogo aliitwa Mkulima na Mfanyakazi. Anasema lolote tunalotaka aseme, na hajawahi kuja ofisini kulalamika. Sidhani kama tuna haki ya kumcheka Peter Jennings mpaka tutakapoeleza ni akina nani hao wanaosoma riwaya zetu, ni wangapi, na wale wasiozisoma wako wapi.

Ubaki mwaka mmoja unaonisumbua, nao ni 1998. Clinton alikuwa katika kashfa ya Monica Lewinsky, wabunge wa Republican walikuwa wakijiandaa kumshtaki, na wachambuzi wengi walitabiri kwamba chama chake kitapigwa. Kikaongeza viti vitano, jambo ambalo chama cha Rais kilikuwa hakijalifanya tangu 1934. Siku tatu baadaye Gingrich akatangaza kwamba anaachia uongozi. Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya ananiambia: hapo walau kubali, palikuwa na ujumbe, palikuwa na mtu aliyesema "mwacheni." Hoja yake ina nguvu. Ninachoweza kumjibu kwa sasa ni kwamba viti vitano kati ya 435 ni uzi mwembamba mno wa kuning'iniza sauti ya taifa, na kwamba wale wale walioweza kuisoma sauti hiyo bila taabu mwaka 1994 safari hii hawakuisikiliza: tarehe 19 Desemba 1998 Baraza, likiwa bado na wabunge wake wa zamani, lilimshtaki Clinton vilevile. Jibu hilo halimtoshelezi mwenzangu, wala mimi halinitoshelezi sana. Mwenye jingine alilete kwa mhariri kabla ya toleo lijalo.